Kutoka Mstarini

Mwalimu wetu hakupenda kusema fulani amekufa. Alisema fulani ametoka mstarini. Akipita kwenye msiba hapa Mwananyamala alivua kofia, akamvuta pembeni mtu wa kwanza aliyemwona, akauliza swali moja tu: "Ametoka wa mbele au wa katikati?" Wasiomjua walidhani mzee amechanganyikiwa. Sisi tuliopita mikononi mwake tulijua anataka kusikia kama marehemu amewaacha wazazi wake hai. Akiambiwa ni mtu mzima aliyekwisha kuwazika wazazi wake, alisema, "Basi mstari umesimama," akaingia kukaa na wafiwa. Akiambiwa ni kijana, hakusema kitu, na siku nzima hakuna aliyemtoa neno mdomoni.

Sasa yeye mwenyewe ametoka. Nilikaa jamvini na wenzangu siku ya maziko, nikangoja mtu aniulize swali lake, hakuna aliyeuliza. Niliumia, sijui kwa nini nilitegemea waulize.

Maneno hayo aliyatoa kwenye namba, na namba yenyewe lazima niieleze, maana bila hiyo sina njia ya kumwonyesha mtu huyu. Ina tarakimu ishirini na nne. Hii hapa: 357686312646216567629137. Usihangaike kuitamka kwa mabilioni na matrilioni yake, hata yeye hakuhangaika, aliisoma tarakimu mojamoja kama mtu anayeita majina. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Namba tasa ziko nyingi, na kubwa kuliko hiyo ziko nyingi pia. Lakini hii ina tabia yake. Ukifuta tarakimu ya mbele, ile tatu, inayobaki nayo ni tasa. Futa tano inayofuata, inayobaki ni tasa. Unaendelea hivyo, unaondoa wa mbele na wa mbele tena, mpaka inabaki 137, halafu 37, halafu saba peke yake, na njia nzima haijagawanyika hata mara moja. Katika namba zote zenye tabia hiyo na zisizo na sifuri ndani, hii ndiyo kubwa kuliko zote. Weka moja mbele ya ile tatu, au mbili, mpaka tisa, unaiharibu. Hakuna wa kusimama mbele yake.

"Umeihakikisha mwenyewe, Mwalimu?" mwenzetu mmoja alimuuliza siku moja, akidhani amembana.

"Nimeanza nyuma nikaenda mpaka nilipochoka," akajibu. "Kuanzia hapo nimewaamini walionitangulia."

Alikuwa akifundisha hisabati darasa la saba, katika shule ambayo watoto walijaa mpaka madirishani. Jumamosi alichukua kundi dogo tu, uani kwake, na ndiko alikotufundisha namba hiyo. Alikata maboksi ya sabuni, akaandika tarakimu kwa makaa, akayatoboa na kupitisha kamba ya katani ili kila mtu avae yake shingoni. Tulikuwa ishirini na tatu. Pengo lilibaki mbele, akalijaza mwenyewe. Mtu mzima, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo unakata, akajivika boksi lenye ile tatu na kusimama mbele ya watoto wenye kamasi.

"Mimi ndiye mkubwa hapa," alisema. "Kwa hiyo natoka kwanza. Wala msinionee huruma, ndivyo mstari unavyotaka."

Alipiga hatua moja pembeni, akakaa kwenye benchi, akasema, "Soma!" Tukasoma namba iliyobaki kuanzia tano. Kisha Tano akatoka, tukasoma kuanzia saba. Ua mzima ulipiga kelele kama madrasa. Mwisho nilibaki mie. Nilikuwa saba ya mwisho, na kwa kuwa saba walikuwa watatu mstarini, naitwa Saba wa Mwisho mpaka leo. Nilichukia sana. Wenzangu wote wamekaa mkekani wanakunywa uji, mie nimesimama peke yangu juani na boksi langu, nikitamka neno moja.

Nane alikuwa mmoja tu, mvulana mnene aliyefaa kabisa umbo la tarakimu yake, na ndiye aliyeuliza lile swali la kuhakikisha. Na Nne alikuwa mmoja, binti wa mwisho wa Mwalimu.

Kabla sijafika kwa Nne niseme tabia nyingine za baba yake, nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa msumbufu. Chapati alizikata kwa rula. Ukimtembelea akakukaribisha samaki, ungemwona anapima kwa jicho mkia na kichwa mpaka chakula kinapoa, asije akampunja mtu. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akimwambia, "Mume wangu, hawa wamekuja kula, hawakuja kufanya mtihani."

Uongo kwenye daftari hakuuvumilia. Ukikosea alikusahihisha taratibu, hata mara kumi. Usipojua alitaka uache wazi. "Nafasi iliyo wazi haimdanganyi mtu," alisema. Lakini ukibuni jibu ili kujaza nafasi, hasira zake ulizisikia mtaa wa pili. Nane aliwahi kubahatisha jibu likawa sahihi. Mwalimu alimuuliza amelipataje, Nane akajikuna kichwa, Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: Sahihi, lakini la uongo.

Na mtu huyohuyo alimdanganya mkewe kila siku ya Mungu. Alikuwa na kisukari na amekatazwa soda. Tulipojifunza kugawanya tulihesabia vizibo vya soda, alikuwa na ndoo nzima, na Mama alishangaa vizibo vyote vile vinatoka wapi wakati nyumba yake hainunui soda. "Naokota," Mwalimu alisema, macho makavu. Muuza duka wa pale kona alijua, na sisi tulijua. Nadhani Mama naye alijua.

Mama alikuwa mtu wa Kunduchi. Mwalimu alikuja kutoka bara na lafudhi yake, akaoa pwani, akabaki. Mama yake Mama, ambaye tulimwita Bibi, alikuwa muuza samaki wa kukaanga kule ferini, na mara nyingine alikuja Jumamosi na beseni lake. Siku aliyotukuta uani tumevaa namba shingoni, alishusha beseni chini asiseme salamu. Kwao watoto hawahesabiwi. Bibi hakuwahi kusema ana wajukuu wangapi. Ukimuuliza aliwataja kwa majina, na majina yakiisha amemaliza. Kumhesabu mtoto ni kumwonyesha kwa yule anayetafuta wa kuchukua.

Na kwa kuwa mkwe na mkwe hawasemezani ovyo, Bibi hakumtazama Mwalimu aliyesimama hatua mbili tu mbele yake. Alimgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo watoto hawahesabiwi."

Mwalimu naye akamgeukia mkewe, kichwa chini kwa adabu. "Mwambie mama siwahesabu. Nawapanga."

"Mwambie kuwapanga ndiko kuwahesabu."

Mama alibaki katikati na mwiko wa uji mkononi, wala hakuna alichokuwa na haja ya kufikisha. Tulicheka mpaka Nne akakaa chini. Tangu siku ile Mama hakuusogelea mstari. Alitupikia uji, akatuletea maji, lakini tukianza kusoma namba aliingia ndani na kufunga mlango. Hakutaka kumkosea mumewe wala mama yake.

Nne hakuwa na hesabu kichwani, na baba yake alilijua hilo akalikubali, jambo lililotushangaza. Alikuwa mtu wa kucheka. Mstarini alisimama katikati ya sita na sita, na sita walikuwa wengi wasioelewana, yeye akawa mpatanishi wao. Alikuwa rafiki yangu. Mara nyingi aliniambia tubadilishane maboksi ili yeye abaki wa mwisho na mie nikanywe uji, na kila mara baba yake aligundua. "Nne akikaa mwisho hiyo namba ni shufwa," alisema. "Inagawanyika kwa mbili hata kuku anaona." Nne alirudi mahali pake akinitolea ulimi.

Tulikua. Yeye alijifunza ushonaji akafungua chumba chake barabarani, mie nikaishia duka la dawa karibu na hospitali, Nane akanunua bajaji. Kila mwaka, siku ambayo darasa la saba wanaanza mtihani, Mwalimu alitaka tuliopo tuje uani tusimame mstari. Tulilalamika kwamba tumezeeka, na tulikwenda. Waliokuwa safarini maboksi yao yaliwekwa kwenye kiti. Alisimama mbele, anazidi kuinama mwaka hadi mwaka, na alipotoka kwenda kukaa kwenye benchi alituangalia kwa raha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nilielewa baadaye kwamba kwake lile halikuwa somo tena. Ilikuwa dua yake, kwamba atoke yeye kwanza na sisi tubaki tumesimama.

Nne aliugua homa iliyoanza kama mafua. Alikuwa na mimba changa. Mie ndiye niliyempa panado siku ya kwanza na kumwambia akapime. Alilazwa, na Mwalimu alikaa kwenye benchi nje ya wodi, mikono juu ya magoti, kama anavyokaa akishatoka mstarini. Walifanya kila walichoweza. Alipotoka muuguzi kumwita, Mwalimu alinitazama mie kwanza, na mie nikatazama chini. Sipendi kulikumbuka hilo na nalikumbuka kila wiki, maana benchi lile bado lipo na mie napita pale kwenda kazini.

Kwenye msiba Bibi alikuja kutoka Kunduchi, mzee sana, ameshikwa mikono na wajukuu. Alikaa na wanawake ndani, akalia, hakusema lolote. Mwalimu alikuja mpaka mlangoni, akamwita mkewe.

"Mwambie mama alisema kweli."

"Mama hajasema kitu," Mama akamjibu.

"Najua. Wewe mwambie tu."

Baada ya arobaini alituita uani. Tulidhani ni kisomo. Tulikuta amemwaga vizibo kwenye mkeka na kuvipanga kwa kila tarakimu: vitatu, vitano, saba, sita, mpaka mwisho. Kati ya sita na sita aliacha mahali patupu. Akamwambia Nane avikusanye vyote avigawe mafungu matatu.

Zamani tulikwisha kufanya zoezi hilo. Namba ikiwa nzima, jumla ya tarakimu zake ni mia moja na kumi na mbili, na ukigawa kwa tatu kizibo kimoja kinabaki mkononi. Kile kizibo cha kubaki tulikuwa tunakigombania watoto wote, kwa sababu ndicho kilichoonyesha kwamba tatu imeshindwa. Safari hii Nane aligawa taratibu, jasho linamtoka, na mwisho mkono wake ulikuwa mtupu. Mafungu matatu sawasawa.

"Jaribu tisa," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, tuache."

"Jaribu tisa, baba."

Nane akagawa mafungu tisa. Yakalingana.

"Mmeona?" Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani kabisa, hiyo ndiyo iliyotuvunja. "Ametoka wa katikati. Sasa mtoto wa darasa la nne anaigawanya." Alivikusanya vizibo akavirudisha kwenye ndoo, na tangu siku hiyo hatukumsikia akiitaja ile namba. Hakutuita tena siku ya mtihani, wala hakunywa soda tena. Mama aliniambia hilo la soda ndilo lililomtisha kuliko yote.

Kusahau kulianza baada ya kustaafu. Kwanza alisahau funguo, kama watu wote, kisha mitaa. Siku moja walimkuta amesimama kwenye lango la shule, anataka kuingia kipindi cha kwanza. Kijana wake mkubwa alikuwa amejenga Mbweni, nyumba nzuri bado haijapakwa rangi, akawachukua wazee wake wote wawili. Tuliahidi kwenda kuwaona kila mwezi. Mbweni ni mbali, na kazi ni kazi, tulikwenda kwa nadra.

Mara ya mwisho Mama ndiye aliyenipigia. "Njoo, mwanangu. Baba yako hali chakula." Nane alinipeleka na bajaji yake, tukafika mchana wakati upepo wa bahari unarusha mchanga kwenye vigae vipya. Mama alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya ngazi za kibaraza, ameshika nguzo, anatazama geti.

Mama alinivuta karibu. "Anamuulizia Nne," akaninong'oneza. "Kila akiamka anamuulizia. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli. Nikimwambia, anafiwa upya, analia vilevile kama siku ile. Kesho yake kasahau, anauliza tena. Mie nimemzika mwanangu mara ngapi? Sasa sijibu. Na nisipomjibu hakai, hali, anasema mstari haujatimia." Alifuta macho kwa upande wa khanga. "Wewe alikuwa anakusikiliza. Mwambie utakaloona."

Nikamwendea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aligeuka. Watoto wake mwenyewe alikuwa anawachanganya, lakini mie alinitazama mara moja tu. "Marahaba, Saba wa Mwisho. Umekuja mapema. Wenzio?"

"Wako njiani, Mwalimu."

"Nane?"

"Mie huyu hapa, Mwalimu, shikamoo!" Nane alipaza sauti kutoka getini.

Mwalimu alicheka. "Unene wako haujaisha." Kisha kicheko kikakatika, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, kavu, kama bado vina chaki. "Na Nne? Nne yupo?"

Mikono ya Mama ilisimama juu ya ungo.

Nilifikiria kuacha wazi. Ndivyo alivyonifundisha, na ningeweza, ningesema twende tukale kwanza. Lakini kuacha wazi ni kwa jibu usilolijua, na hili nililijua. Nililijua tangu kwenye benchi la wodini, na siku ile nilitazama chini. Safari hii nilimtazama machoni.

"Yupo, Mwalimu."

"Mahali pake?"

"Mahali pake. Katikati ya sita na sita."

Alipumua. Sijui kama aliniamini au alichoka kutoniamini, maana mtu aliyenusa majibu ya uongo maisha yake yote hakushindwa kunusa hilo. Aliniachia mkono.

"Basi mimi naweza kutoka," alisema.

Aliachia nguzo, akapiga hatua moja pembeni, akakaa kwenye benchi la kibarazani na kuweka mikono juu ya magoti.

"Soma."

Nikaanzia tano. Tano, saba, sita, nane, sita. Nane kule getini aliitikia pamoja nami. Tatu, moja, mbili, sita. Hapo ilikuwa zamu ya Nne. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka, na Nane naye akanyamaza. Mwalimu aliinua kichwa, ananingoja, na niliona uso wake unaanza kubadilika.

Nyuma yangu Mama, ambaye maisha yake yote aliingia ndani na kufunga mlango, akasema, "Nne."

"Endeleeni," Mwalimu akasema.

Tukaendelea wote watatu, sita, mbili, moja, mpaka kwenye saba, ambayo waliniachia niseme peke yangu. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia mkewe akamuuliza kama kuna chakula.